Mafuta ya Dada Laurentia

Laurentia alichoshwa na jua tangu kabla hajajua kuandika jina lake. Haukuwa uchovu wa siku moja, ule unaoisha ukilala. Alizaliwa na ualbino katika kijiji cha wakulima, Marui, kule Kisarawe, na sasa alikuwa na miaka hamsini na saba akiwa bado anapanga mambo yake yote kwa kufuata kivuli: upande gani wa barabara hauna jua asubuhi, kiti gani cha gari kitapigwa na jua mchana, aende sokoni muda gani ili arudi bila kubabuka. Alifundisha shule ya msingi Kibaha mpaka mgongo ukamgomea, akaomba kustaafu mapema, akatulia nyumbani kwake, mtaa wa Picha ya Ndege, katika nyumba iliyozungukwa na miarobaini aliyoipanda mwenyewe. Hakuolewa. Watu walipomuuliza sababu, alisema hakupata nafasi. Walicheka, naye akawaacha wacheke.

Mdogo wake, Cornel, alikuwa na duka la vipodozi Maili Moja. Cornel alikuwa mtu mchangamfu, mwenye mdomo mtamu, na alimpenda dada yake kwa dhati. Baada ya miaka ya kuuza losheni za watu wengine, aliona wanawake wanazikimbia krimu za kuchubua na kuuliza vitu vya asili. Basi akaanza kutengeneza mafuta yake uani kwake. Alichemsha majani ya mlonge, akakamua mbegu za ubuyu, akachanganya na utomvu wa mshubiri, mafuta ya nazi na manjano kidogo kwa ajili ya rangi. Yalitoka mafuta mazuri, yasiyonata, yenye harufu ya kupendeza.

"Hii ni dawa ya mama," alimwambia Laurentia siku alipomletea chupa ya kwanza. "Unakikumbuka kile chungu? Kila jioni anakukalisha kwenye mkeka anakupaka. Hebu jitazame, dada. Wenzako wenye umri wako, wasio hata na ualbino, wamekunjamana kama tambara. Wewe uso ni ule ule."

Laurentia alikikumbuka chungu. Lakini alikumbuka na mengine. Alikumbuka mama yao akimwamsha kungali giza wakalime pamoja, na jua likianza tu kuchungulia anamfukuza arudi ndani. Alikumbuka magauni yaliyoongezwa mikono kwa vipande vya shuka kuukuu, kofia ya ukindu pana kama ungo, na fimbo alizochapwa siku aliyotoroka mchana kwenda kucheza rede na wenzake. Cornel alikuwa mtoto mdogo. Kila alipoamka, alimkuta dada yake ameshalima na amesharudi ndani. Yeye alichokiona ni chungu, jioni.

"Mama alinifungia ndani, Cornel," alisema. "Chungu kilikuwa cha kulainisha tu."

"Vyote vilisaidia," alijibu Cornel, akaanza kueleza jambo lililomleta. Alitaka picha ya dada yake. Alitaka iwekwe kwenye chupa.

Laurentia alikataa. Cornel akarudi wiki iliyofuata na samaki wa kukaanga, akaomba tena. Akamtuma mkewe. Akaomba wakiwa wanatoka kanisani, mbele ya mchungaji, akijua kuwa pale dada yake hawezi kupandisha sauti. Ilifika mahali Laurentia akaona kukataa kunamchosha kuliko kukubali.

"Haya, piga hiyo picha," alisema, "uniache nipumzike."

Chupa zilipotoka kuchapishiwa lebo, Cornel alimletea moja mbio mbio, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema. Laurentia alivaa miwani, akaisogeza chupa karibu kabisa na macho, kwa kuwa macho yake hayakuwahi kuona mbali. Juu paliandikwa *Mafuta ya Dada Laurentia*. Chini ya picha paliandikwa: *Kinga ya asili dhidi ya jua na uzee. Miaka sitini, ngozi ya msichana.*

"Sijafika sitini."

"Tumekadiria."

Akaitazama picha tena. Kulikuwa na kitu kimepungua, na ilimchukua muda kukijua. Kwenye paji lake la uso, upande wa kushoto, alikuwa na kovu refu, pale madaktari walipomkata kinundu zamani kidogo, kabla hakijageuka kuwa kibaya zaidi. Kwenye picha paji lilikuwa laini kama yai.

"Kovu langu limekwenda wapi?"

"Aa, dada, hiyo ni kompyuta tu. Siku hizi kila mtu anafutwa."

Angeweza kusema neno pale. Aliliona kabisa neno lenyewe. Lakini mgongo ulikuwa unamuuma, na Cornel alikuwa amesimama mbele yake anameremeta kwa furaha. Akaiweka chupa kabatini, akamkaribisha chai.

Mafuta yalitoka. Wanawake wanaofanya kazi za ofisini Dar na kulala Kibaha waliyanunua kwa fujo, na Jumapili wengine walimsimamisha nje ya kanisa.

"Shikamoo mama. Hebu tuambie ukweli, siri ni nini?"

"Marahaba. Siri ni kukaa ndani."

Walicheka, wakasema mama ana mzaha, wakaenda kununua nyingine. Laurentia mwenyewe aliyapaka kila jioni akitoka kuoga. Hakuwa na ubaya nayo. Ngozi yake ililainika na ule muwasho wa kiangazi ukapungua. Mchana alijipaka losheni ya kukinga jua aliyopewa kliniki, akavaa mikono mirefu, akafungua mwavuli, kama alivyofanya siku zote.

Kisha ikafika kipaimara cha mtoto wa Herieth, mdogo wao wa mwisho, aliyebaki Marui kwenye nyumba ya wazazi. Cornel hakuweza kwenda, duka lilikuwa limembana, lakini aliagiza boksi la chupa lipelekwe, kwa kuwa Herieth alikuwa akimuuzia pale kwenye genge lake. Laurentia alipata lifti kwenye gari la mwalimu mwenzake aliyekuwa anaelekea huko. Walipitia Mlandizi wakakata kuelekea Mzenga. Kwa kuwa nyuma kulijaa mizigo, boksi alilipakata mapajani njia nzima.

Ibada ilikwenda vizuri, na wali ukaliwa. Mchana, wageni walipotawanyika vivulini, Laurentia alichukua mwavuli akaenda kuyaona makaburi ya wazazi. Njia ilipita kando ya shamba la mihogo, na shambani alikuwapo mtu analima. Alikuwa na fulana isiyo na mikono. Kichwani hakuwa na kitu. Mabega yake yalikuwa mekundu kama nyanya iliyoiva, tena yanang'aa, yanatiririka mafuta. Laurentia alisimama. Hata kwa macho yale mabovu alitambua mtu wa namna yake.

Yule bwana aliinua kichwa, akakunja uso kumtazama, halafu akaangusha jembe.

"Shikamoo mama! Aneth! Aneth, njoo! Mama wa kwenye chupa huyu hapa!"

Mkewe akatokea nyuma ya mihogo, mikono ina udongo, anacheka kwa aibu. Yule bwana alijitambulisha kuwa anaitwa Tito. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye sauti nene na meno ya mbele yaliyoachana.

"Marahaba, baba," alisema Laurentia. "Kofia yako iko wapi?"

"Kofia ya nini tena, mama? Nimeivaa tangu utotoni. Kofia, mashati ya mikono mirefu, humo ndani natokota kama niko kwenye tanuri la mkaa. Jua likipanda narudi nyumbani, mke wangu anabaki peke yake shambani, na watu wanamcheka kuwa kaolewa na mwali. Tangu dada Herieth alete mafuta yako, tumepumzika. Sasa nalima mpaka adhuhuri kama mwanamume mwingine yeyote."

Alisema kwa shukrani kabisa. Laurentia alisogea karibu, akamkinga kwa mwavuli wake, na hapo ndipo alipoliona sikio. Juu ya sikio la kulia palikuwa na kidonda chenye gamba gumu, kingo zake zimeinuka, katikati panatoa majimaji.

"Hiki kimeanza lini?"

"Kijipu tu hicho. Kiliota zamani kidogo kama chunjua, wakati wa kiangazi kikachachamaa. Nakipaka haya haya mafuta, asubuhi na jioni. Kitakauka." Tito naye alikuwa akimtazama usoni kwa karibu. "Mama, samahani. Mbona kwenye picha huna hilo kovu?"

"Walilifuta."

"Ulipatwa na nini?"

"Kijipu," alisema Laurentia. "Kama hicho chako."

Aneth alijifuta mikono kwenye kanga polepole, akaja akasimama kando ya mumewe, akalitazama sikio kama vile hakuwahi kuliona. Laurentia aliwaeleza pale pale, kwa sauti ile ya darasani aliyodhani ameiacha Kibaha. Mafuta yanalainisha ngozi. Jua yanaliacha linapita. Yeye hayakumtunza mafuta, alitunzwa na mama yake kwa kufungiwa ndani, halafu akatunzwa na darasa lenye paa. Hicho kidonda kionwe na daktari, tena si mwezi ujao.

Tito alisikiliza. Mwisho aliuliza swali moja tu.

"Sasa kwa nini ulikubali wakuandike?"

"Nilichoka kubishana," alisema Laurentia. Alipoyasikia maneno hayo yakitoka, aliona jinsi yalivyo madogo.

Hakufika makaburini. Alirudi kwa Herieth, akamwambia chupa zote zitoke gengeni. Herieth akashangaa, akasema watu wanazipenda, akasema kaka Cornel atasemaje. Laurentia akampigia Cornel mwenyewe, akiwa amesimama kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka.

"Dada, huyo ni mtu mmoja," alisema Cornel. "Na huenda kidonda alikuwa nacho kabla."

"Alikuwa nacho. Alikuwa na kofia pia. Kofia ameivua kwa sababu yetu."

"Mimi sikumwambia avue kofia. Nani aliandika vua kofia?"

"Uliandika kinga. Mtu akiwa na kinga anavaa kofia ya nini?"

Cornel akaanza kueleza kuhusu mlonge, kwamba wataalamu wameupima, kwamba una hiki na kile kinachozuia uzee.

"Boksi nimelileta mimi, Cornel," Laurentia alimkatiza. "Nimelipakata mwenyewe." Mtandao ukakatika, au Cornel akakata. Hakujisumbua kujua.

Tito na Aneth walikuja Kibaha wiki ile ile, wakafikia kwa Laurentia. Asubuhi kukiwa bado na ubaridi walikwenda hospitali Dar, kliniki ya ngozi ambayo Laurentia aliijua kila benchi lake. Daktari, mama mmoja mwembamba asiye na maneno mengi, alikigeuza kidonda upande huu na huu, akaagiza kikatwe kinyama kikapimwe. Tito, ambaye hakuwa mtu wa kuficha jambo, alitoa chupa mfukoni akamwonyesha.

Daktari aliisoma lebo. Akamtazama Laurentia, akaitazama lebo tena.

"Si sumu," alisema. "Ngozi kavu inayapenda mafuta kama haya. Usiku paka ukitaka, ila si kwenye kidonda. Jua ni habari nyingine." Akamrudishia Tito chupa. Kwa Laurentia hakusema kitu, na Laurentia angependa zaidi akaripiwe.

Majibu yalipotoka, ilikuwa ni saratani. Walimkata nusu nzima ya juu ya sikio.

Siku aliporuhusiwa kutoka hospitali, Tito alilazwa kwenye kochi la barazani kwa Laurentia, kichwa kimefungwa bandeji, chini ya kivuli cha mwarobaini. Cornel alifika jioni ile bila kuitwa. Alikuwa amebeba matunda kwenye mfuko, na alipopanda barazani akakuta bandeji ile iko mbele yake, mfuko ukabaki unaning'inia mkononi.

"Karibu, kaka," alisema Tito, akijaribu kuinuka. "Wewe ndiye mwenye mafuta? Yanalainisha kweli. Hata daktari kasema."

Hakuwa akimsimanga. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Cornel, mtu aliyeweza kumuuzia kipara kitana, aliweka mfuko sakafuni, akaingia ndani, Laurentia akamkuta jikoni ameegemea ukuta.

"Nilijua ni chungu," alisema Cornel. "Miaka yote hii, dada. Naapa nilijua ni kile chungu."

"Najua."

"Nifanye nini?"

"Toa yale maneno. Toa na sura yangu."

"Nikitoa, yanabaki mafuta ya kupaka tu, kama mengine yote."

"Ndivyo yalivyo."

Cornel alikuwa ameweka akili yake yote kwenye biashara ile, na Laurentia alimwonea huruma, lakini hakubadili kauli.

Basi wakaanza kuzikusanya chupa. Cornel alizitoa dukani kwake, akapita kwa wateja wake wa rejareja mmoja mmoja, akafika mpaka Janga na Magindu alikokuwa amezisambaza kwenye magulio. Laurentia alikwenda naye. Hakutaka. Kila kiungo chake kilimwambia abaki nyumbani. Lakini sura iliyokuwa kwenye lebo ilikuwa yake, na alijua watu wataamini zaidi wakiambiwa na sura ile ile, ikiwa na kovu lake. Alisema yale yale kila kituo, mpaka yakawa makavu mdomoni. Wengine walimwelewa. Wengine waliona ni ugomvi wa ndugu juu ya biashara. Huko Magindu mama mmoja, Nuria, mwenye binti mdogo mwenye ualbino, alizificha chupa zake nyuma ya mgongo.

"Mmeona yanafanya kazi, sasa mnataka kuyapeleka kwa matajiri," alisema. "Wewe mbona umepona?"

Laurentia alivua skafu, akamwonyesha paji. Akaupandisha mkono wa gauni akamwonyesha na kovu jingine kwenye kiwiko. Nuria alitazama, akayumba kidogo, lakini chupa hakuzitoa. Alikubali tu kumvalisha mtoto kofia. Cornel alitaka kuendelea kubishana, Laurentia akamshika mkono wakaondoka. Garini alilala, akaamshwa wamefika nyumbani.

Mafuta yalirudi madukani baadaye yakiwa na jina lingine na picha ya tawi la mlonge. Yalinunuliwa kwa kusuasua. Cornel alimtembelea dada yake mara chache kuliko zamani, na alipokuja walizungumzia mvua na bei ya vitu. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wamechoshana, na Laurentia alitumaini kuwa kama uchovu mwingine huo nao utapungua.

Jambo lililomsumbua zaidi lilikuwa Tito. Siku moja, kabla hajarudi Marui, alimuuliza akiwa anamenya viazi pale barazani.

"Mwalimu, nimekuelewa. Lakini wewe ulipata darasa. Mimi nina shamba. Jua nikilikimbia, nani atalima?"

Laurentia alisema wajaribu alfajiri na jioni. Tito akasema ndivyo alivyofanya miaka yote, na ndiyo maana alifurahi kuona chupa. Mwaka ule yeye na Aneth walilima eneo dogo zaidi. Walipanda mihogo waliyoiweza, sehemu nyingine wakamwachia jirani.

Kila baada ya miezi michache Tito alirudi kliniki pamoja na Aneth, na Laurentia aliwasindikiza. Safari moja yeye na Tito wote wawili walipimwa. Daktari alisema sikio liko safi, lakini shingoni mwa Tito aliona vigamba vidogo, akavigandisha kwa dawa ya baridi kali, Tito akang'ata meno na kuguna. Laurentia hakukutwa na kitu. Daktari aliwapa losheni mpya, akamkumbusha Tito kofia.

"Haikai, daktari," alisema Tito. "Sikio la kuishikilia mmelikata."

Daktari alicheka, mara ya kwanza Laurentia kumwona akicheka. Aneth akatoa kofia kwenye mkoba, akaonyesha kamba aliyoishonea ya kufungia kidevuni, na Tito akalalamika kuwa ikifungwa anafanana na mtoto anayepelekwa kubatizwa.

Walipotoka ilikuwa mchana mkali, lami inafuka. Gari la kurudi Kibaha lilikuwa ng'ambo ya barabara, na kati yao na gari hapakuwa na mti hata mmoja. Laurentia alitaka kufungua mwavuli, lakini mkono ulikuwa mzito.

"Tungoje kwanza," alisema.

Aneth akatandika kanga kwenye benchi la nje, chini ya paa la bati. Tito akanunua maji, akamfungulia mwalimu chupa yake kwanza. Laurentia alikunywa kidogo, akaegemea ukuta, akafumba macho. Aliwasikia wale wawili wakibishana kwa sauti ya chini kama mihogo iliyobaki ing'olewe sasa au ingojwe mvua zipite, na kabla hawajaafikiana usingizi ukamchukua.